Silensa inapocheza: safisha throto, skrubu iache ilivyo

Uko kwenye foleni ya Mwenge, mguu kwenye breki, gia iko D, na gari linatetemeka hadi kioo cha ndani kinacheza. Mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, unashuka hadi 500, unapanda 900, unashuka tena. Ukiwasha AC injini inazama kama inataka kuzima. Ukikanyaga mafuta kidogo linatulia. Ukiachia, yale yale. Mafundi wa Dar huita hali hii gari kukosa silensa, yaani ule mngurumo wa injini usipokanyaga mafuta, na ni ugonjwa wa kila siku kwa Toyota zilizotembea sana: IST, Vitz, Platz, Raum, Probox, Corolla 110 na ndugu zake.

Mara nyingi sababu ni uchafu, na uchafu huo unaweza kuuondoa mwenyewe asubuhi ya Jumamosi, nyumbani, kwa spana mbili na kopo la dawa ya kusafishia kabureta. Naandika haya kwa sababu ya skrubu moja.

Nilikuwa na IST ya mwaka 2003, injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,497. Silensa ilipoanza kucheza nililipeleka gereji. Fundi alifungua boneti, akachukua bisibisi, akakaza skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa throto, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini. Silensa ikapanda, nikalipa, nikaondoka nimeridhika. Siku nne baadaye gari likawa linajivuta mbele kwenye D mpaka inabidi nikandamize breki. Likishapata moto linasimama kwenye 1,300, kisha linaanza kupanda na kushuka upya, na mafuta ya wiki yanaisha Alhamisi. Nilipovua mpira mkubwa wa hewa nikakuta ndani ya throto pete nyeusi ya masizi yaliyochanganyika na oili, nene kiasi cha kuikwangua kwa ukucha. Skrubu haikuwa na kosa lolote. Kiwandani hupangwa mara moja ili kipepeo, sahani inayofungua na kufunga throto, kisikwame kikijifunga. Haikuwekwa pale kwa ajili ya kupandishia silensa. Anayeikaza anafungua mlango mwingine huku ule wa kwanza ukiwa bado umezibwa, na kontroli boksi, kompyuta ya injini, inabaki haielewi hewa ya ziada inatoka wapi.

Silensa inatoka wapi

Ukiondoa mguu kwenye pedeli, kipepeo, yaani ile sahani ya duara iliyomo ndani ya throto, hufunga karibu kabisa. Injini inabaki kuvuta hewa kupitia sehemu mbili: mwanya mwembamba ukingoni mwa kipepeo, na kinjia cha pembeni kinachofunguliwa na kufungwa na vali ya silensa. Kontroli boksi ndiyo inayoiamuru vali hiyo. Ukiwasha AC au ukizungusha usukani, inaongeza hewa kidogo ili injini isizidiwe.

Sasa uchafu. Injini yoyote huvujisha gesi kidogo kupita pembeni mwa pistoni kwenda chini, na gesi hizo zinabeba mvuke wa oili. Hazimwagwi nje, zinarudishwa kwenye njia ya hewa zikaungue: upande mmoja kupitia vali ya PCV, upande mwingine kupitia mpira wa kupumulia unaoingia kabla ya throto. Mvuke ule unagusa ukingo wa kipepeo, unanata, na vumbi lililopenya kwenye eakilina, yaani chujio la hewa, linakuja kugandia hapo. Mwanya uliokuwa mwembamba unazidi kubana.

Kontroli boksi huvumilia kwa muda mrefu. Kila mwanya unapopungua, inafungua vali ya silensa zaidi, na wewe husikii kitu. Miaka inapita hivyo. Siku vali inapofika mwisho wa uwezo wake, au yenyewe inaponata kwa masizi, ndipo gari linaanza kutetemeka kwenye foleni, na inaonekana kama ugonjwa umeanza jana.

Toyota nyingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000 hazina kebo ya mafuta wala vali ya silensa ya pembeni. Mota ya umeme inakizungusha kipepeo chenyewe. Ugonjwa ni uleule na dawa ni ileile, ila kuna tahadhari moja nitakayoieleza mbele.

Kabla ya kushika spana

Usisafishe kitu kabla hujajua kama injini ndiyo inayotetemeka. Washa gari, subiri lipate moto, kaa ndani utazame mshale. Kama umetulia kwenye 700 hivi lakini mwili wa gari unatetemeka kwenye D, na ukiweka N mtetemo unapungua sana, tatizo huenda ni mauntingi, zile raba zinazobeba injini. Fungua boneti, mtu akanyage breki kwa nguvu, atie D na aguse mafuta kidogo tu. Wewe simama pembeni, usikae mbele ya gari. Injini ikiinuka kwa kuruka, umepata jibu, na hakuna dawa ya kopo itakayolitibu hilo.

Kisha sikiliza bomba la moshi. Silensa iliyozibwa na uchafu inapanda na kushuka kama mtu anayehema. Silinda isiyochoma ina mpigo: puf, puf, puf, kwa mpangilio uleule. Hiyo ndiyo misi. Kuipata silinda yenyewe, chomoa soketi ya nozeli, zile zinazopulizia petroli kwenye injini, moja moja injini ikiwa inanguruma. Ukichomoa ya silinda isiyo na tatizo, injini inazidi kutetemeka. Ukichomoa na hakuna kilichobadilika, silinda yako mbovu ni hiyo. Wengi huchomoa koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, badala ya nozeli kwa sababu inafikika kirahisi. Ukifanya hivyo, usichukue zaidi ya sekunde chache kwa kila moja, kwa maana petroli isiyoungua inakwenda moja kwa moja kwenye masega, kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi, na kuyachoma.

Kama taa ya injini inawaka, soma kwanza kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kontroli boksi. P0301 hadi P0304 zinataja silinda yenye misi kwa namba yake ya mwisho. P0171 inasema hewa ni nyingi kuliko mafuta, na hapo mshukiwa ni mpira uliopasuka au uchafu kwenye sensa ya hewa. P0505 inalenga mfumo wa silensa. P1349 kwenye Toyota za kipindi hiki inahusu VVT-i, mfumo unaobadilisha wakati wa vali za injini kufunguka. Vifaa vidogo vya Bluetooth vinasoma magari mengi, ingawa baadhi ya Toyota zilizotengenezwa kwa soko la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinagoma kuzungumza navyo. Corolla ya zamani zaidi ina kisanduku cha soketi chini ya boneti: unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha ufunguo bila kupiga stata, unahesabu mikonyezo ya taa.

Mwisho, tafuta uvujaji wa hewa. Mipira ya miaka 20 iliyoishi kwenye joto la injini inakauka na kupasuka mahali usipopaona, hasa upande wa chini kwenye mkunjo. Injini ikiwa kwenye silensa, pinda na uminye kwa mkono mpira mmoja baada ya mwingine, kaa mbali na mikanda na feni, usikilize kama kuna mlio wa ssss unaobadilika. Kisha chukua chupa ya kunyunyizia maji, nyunyiza kidogo kwenye viungo vya mipira na pale manifodi ya hewa, mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, inapokutana na injini, bila kulowesha koili wala soketi. Mahali ambapo maji yanabadilisha mlio wa injini kwa sekunde moja, hewa inaingilia hapo. Wapo wanaofanya kipimo hiki kwa kupuliza dawa ya kabureta juu ya injini ya moto. Nimeona moto ukiruka juu ya manifodi kwa sababu hiyo, tumia maji.

Mpira uliopasuka ukiupata, ubadilishe kwanza. Kusafisha throto wakati kuna tundu nyuma yake ni kazi ya bure.

Vya kuandaa

Spana au soketi namba 10 na 12, bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa kwenye skrubu, koleo la kubania klipu za mipira, kopo la dawa ya kusafishia kabureta au throto, kopo jingine dogo la dawa ya sensa ya hewa (si kitu kimoja, na hili nalisisitiza), mswaki mkuukuu wenye nywele laini, vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi, glovu, na kamera ya simu yako. Kama utavua throto nzima, tafuta gaskiti yake mpya kabla hujaanza.

Watu wengi hutumia petroli kwenye kopo la rangi lililokatwa. Mvuke wake unatambaa chini hadi kwenye jiko la jirani, na ngozi ya mikono inainywa. Dawa ya kopo nayo inashika moto upesi, kwa hiyo injini iwe imepoa, mlango wa gereji uwe wazi, na asiwepo mvuta sigara karibu.

Throto yenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nenda taratibu.

1. Toa ufunguo, chomoa nguzo hasi ya betri. Saa na stesheni za redio zitapotea. Kama redio yako ina namba ya siri, ihakikishe kabla.

2. Piga picha kila upande. Mpira mwembamba wa hewa ukiurudisha kwenye tundu la jirani, utapata tatizo jipya utakalolitafuta wiki nzima.

3. Legeza kabana, ile pete ya chuma inayobana mpira mkubwa unaotoka kwenye boksi la eakilina, chomoa mpira mdogo wa kupumulia ulioungwa humo, vua bomba lote. Utaona mdomo wa throto na kipepeo kimelala katikati. Sehemu inayotazama nje inaweza kuonekana safi. Usidanganyike: kifungue kipepeo kwa kuvuta mkono wa kebo, umulike tochi nyuma yake. Uchafu unakaa pale ukingo unapogusa ukuta, na upande wa ndani zaidi kuliko wa nje.

4. Ukiona utando mwembamba tu wa kahawia, unaweza kusafisha throto ikiwa mahali pake. Pulizia dawa kwenye kitambaa, si moja kwa moja ndani, kisha futa ukuta na kingo zote za kipepeo mbele na nyuma. Ukimwaga dawa nyingi ndani itatuama kwenye manifodi na kulisumbua gari likiwashwa.

5. Ukiona pete nyeusi nene, vua throto. Chomoa soketi ya sensa ya throto na ya vali ya silensa, legeza kebo, fungua boliti na nati zinazoishika. Kuna mipira miwili myembamba ya maji ya kupozea. Injini iwe baridi kabisa, ibane mipira hiyo kwa klipu, uwe na kitambaa chini. Yatamwagika kidogo, na mwishoni utajaza rejeta.

6. Ukishaishika mkononi, ielekeze ili dawa itiririke mbali na sensa ya throto, kile kisanduku cheusi cha plastiki kwenye ncha ya ekseli ya kipepeo. Dawa ikiingia humo, umejinunulia sensa. Pulizia kidogo, subiri dakika moja au mbili uchafu ulainike, sugua kwa mswaki, futa. Kitambaa cha kwanza kitatoka cheusi kama kimefuta sufuria ya kuni. Rudia hadi kitambaa kitoke na rangi ya chai, kisha kisafi.

7. Usitumie msasa, kisu wala waya. Kwenye throto nyingine ukingo wa kipepeo umepakwa kiwandani utando mweusi wa kuzibia mwanya. Ukiukwangua ukidhani ni masizi, silensa itabaki juu daima. Masizi yanayeyuka kwa dawa.  Kisichotoka kwa mswaki laini, kiache.

Kama throto yako ni ya umeme, tahadhari yenyewe ni hii: ufunguo uwe nje na betri imechomolewa muda wote, na kipepeo ukisukume polepole kwa kidole, kisha ukiachie polepole. Ukikilazimisha unaweza kuharibu gia za plastiki za mota, na ufunguo ukiwa umewashwa kinaweza kukubana kidole kwa nguvu usiyoitegemea.

Vali ya silensa

Kwenye 1NZ-FE ya kebo na kwenye injini za zamani kama 5A-FE, vali hii imefungwa kwenye mwili wa throto kwa skrubu za nyota. Skrubu hizo ndizo zinazowashinda watu. Zimekaa miaka 20 kwenye joto, na bisibisi isiyoshika vizuri inakula vichwa vyake. Weka bisibisi, gonga kitako chake kwa nyundo mara mbili tatu, ndipo uzungushe huku umeikandamiza kwa uzito wa mwili.

Ikitoka utaona mlango mdogo unaozunguka. Uguse kwa kidole: unatakiwa utembee laini bila kukwama. Ukisikia unanata kama kifuniko cha chupa ya asali, umepata nusu ya ugonjwa wako. Elekeza upande wa vali chini na upande wa mota juu, pulizia kwa mikupuo mifupi ili dawa idondoke nje na isipande kwenye mota. Usiiloweke vali nzima kwenye bakuli la dawa, hata fundi akikuambia ndivyo anavyofanya. Safisha pia vinjia vya hewa ndani ya throto, tazama kama raba ya kuzibia imekakamaa, kisha funga.

PCV, jirani aliyeleta uchafu

Ukisafisha throto na kuiacha vali ya PCV imeziba, uchafu utarudi upesi. Ni kidude kidogo juu ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, au karibu nayo, chenye mpira unaokwenda kwenye manifodi. Kwenye baadhi ya injini kimekazwa kwa uzi wa skrubu, kwenye nyingine kimechomekwa kwenye raba. Kivue, kitikise. Kizima kinalia kach-kach ndani. Unga kipande cha mpira safi, puliza kutoka upande unaokaa kwenye injini: hewa ipite bila shida. Puliza kutoka upande wa manifodi: ipite kwa tabu. Usivute hewa kwa mdomo kupitia vali hiyo, kilichomo ni mvuke wa mafuta na ni sumu. Isiyolia baada ya kuoshwa kwa dawa, nunua mpya.

Sensa ya hewa

Gari lenye 1NZ-FE lina sensa ya hewa, ile mafundi wanayoiita eafulo, imekaa kwenye bomba karibu na boksi la eakilina kwa skrubu mbili. Corolla 110 yenye 5A-FE haina. Yenyewe inapima mgandamizo wa manifodi, kwa hiyo ruka sehemu hii.

Ndani ya sensa kuna waya mwembamba sana unaopashwa joto, na kontroli boksi inajua hewa iliyopita kwa kuona waya umepozwa kiasi gani. Vumbi likiuvika koti, hesabu zote za mafuta zinapotoka. Vua sensa, usiuguse waya kwa kidole, pamba wala mswaki. Pulizia dawa yake maalumu mara kumi hivi kutoka umbali wa kiganja, iache ikauke kabisa kwa angalau dakika 15, kisha irudishe. Dawa ya kabureta na ya breki hazifai hapa: zinaweza kuharibu plastiki au kuacha utando juu ya waya.

Eakilina ndiyo kinga ya waya ule. Kama gari lako linapita barabara za vumbi kila siku, usisubiri sevisi. Itoe, igonge, itazame dhidi ya jua. Isiyopitisha mwanga imekwisha. Zile zinazooshwa kwa maji na sabuni kisha kurudishwa zinapoteza uwezo wa kuzuia vumbi laini, na vumbi laini ndilo linalofika kwenye sensa.

Plagi na visima vyake

Puliza vumbi kwenye visima vya plagi kabla ya kufungua, la sivyo mchanga utaanguka ndani ya silinda. Toa koili moja moja, uziweke kwa mpangilio, kisha usome plagi kama unavyosoma barua. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu: silinda inachoma vizuri. Masizi meusi makavu: mafuta yamezidi au hewa imepungua. Meusi yenye mafuta kwenye ncha: oili inapanda kutoka kwenye pistoni au vali. Ukikuta kisima chenyewe kimejaa oili wakati ncha ya plagi ni kavu, gaskiti au sili za tapeti kava ndizo zinazovuja. Oili ile inailainisha raba ya koili na kuleta misi, hasa siku za mvua.

Plagi ya kawaida yenye masizi unaweza kuisugua kwa brashi na kuirudisha kwa muda. Ya iridiamu usiisugue, ncha yake ni nyembamba mno. Kwa 1NZ-FE zinazotumika sana ni Denso K16R-U11 na NGK BKR5EYA-11. Ile 11 ya mwisho ni pengo la milimita 1.1. Plagi ikianguka sakafuni pima pengo upya, na ukiona ufa kwenye kaure yake usiifunge. Ianzishe kwa vidole hadi ikae, ndipo ukaze: mpya yenye washa yake kama nusu mzunguko, ya zamani kidogo tu. Kichwa cha injini ni aluminiamu, na uzi ukikatika humo gharama yake ni kubwa kuliko yote tuliyoyazungumza.

Ukishuku koili, usinunue. Hamisha ya silinda yenye misi uipeleke kwenye silinda nyingine. Misi ikihama nayo, koili ndiyo mbovu.

Nozeli sizivui nyumbani. Ziko kwenye mafuta yenye presha na raba zake zikivunjika petroli inamwagika juu ya injini. Kama zimeziba, zinahitaji mashine. Tangu EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania, ianze kuweka vinasaba, alama za kutambua mafuta yaliyochanganywa, mwaka 2010 wachakachuaji wamebanwa, lakini uchafu wa tangi kuukuu unabaki kuwa wako. Badilisha chujio la petroli kwanza.

Na kama kodi ilikuwa P1349, kuna vali ya oili ya VVT-i upande wa mnyororo wa taimingi, inayoshikwa na boliti moja, na karibu nayo kichujio cha wavu mdogo. Oili iliyokaa muda mrefu inaganda humo, vali inakwama ikiwa wazi, na injini inatetemeka kwenye silensa lakini inakwenda vizuri barabarani. Ivue, ioshe, badilisha oili.

Kuwasha na kuipa kontroli boksi muda

Rudisha kila kitu kwa kufuata picha, jaza maji ya rejeta, hakikisha kebo ina ulegevu kidogo na kipepeo kinarudi kwa mlio wa tak. Kama kuna mtu aliwahi kukaza skrubu ile, sasa ndiyo wakati wa kuirudisha: ilegeze hadi iache kugusa mkono wa kipepeo, ikaze hadi iguse tu, kisha ongeza robo mzunguko ili kipepeo kisikwame kikijifunga. Kwenye Toyota nyingi za kebo, kifaa cha kusomea kitaonyesha throto iliyofungwa kati ya asilimia 7 na 11.

Unga betri. Washa bila kukanyaga mafuta. Inaweza kukataa mara ya kwanza, na ikiwaka moshi mweupe kidogo ni dawa iliyobaki. Silensa itakuwa juu, pengine 1,500, kwa sababu kontroli boksi ilizoea kuifungua vali sana na sasa njia ni pana. Kuchomoa betri kumeifuta kumbukumbu hiyo. Ipe nafasi ijifunze. Iache injini ipate moto hadi feni ya rejeta iwake na kuzima, kisha dakika 10 bila kitu, dakika 5 na AC, halafu kanyaga breki, tia D, dakika 5 nyingine. Endesha mjini siku mbili.

Silensa ya 1NZ-FE otomatiki iliyotulia iko kwenye 700 hivi, mshale umesimama, na ukiwasha AC inazama kidogo tu na kujirekebisha. Ikibaki juu ya 1,000 injini ikiwa ya moto, rudi kwenye mipira na gaskiti ya throto, kuna hewa inayoingia kwa siri. Ikibaki inatetemeka kwa mpigo uleule wakati plagi, koili na hewa ziko sawa, mwambie fundi apime mgandamizo wa silinda zote nne na akuandikie namba nne kwenye karatasi. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, tatizo ni vali, pistoni au gaskiti ya kichwa. Kabla hujaelewana naye bei, na kabla hujaenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar, kutafuta sensa iliyotumika, kagua kwanza namba iliyoandikwa kwenye ya kwako. Sensa nyingi za hewa za Toyota za kipindi hiki zinaanza na 22204, na tarakimu zinazofuata lazima zilingane zote.